Azimio Ambalo Halikupitishwa

Kaka yangu mpendwa,

Natanguliza heshima kwa Baba Mkubwa, ambaye umri wake unamweka mbele ya kila neno tunalolisema. Shikamoo yangu imfikie alipoketi, na kama amekwisha kusinzia, namwomba Shangazi amguse bega taratibu, kwa sababu barua hii inamhusu naye. Shikamoo Shangazi, wewe uliyetulea kwa mkono mmoja na kutuchapa kwa mwingine. Bado nasikia sauti yako nikiacha sufuria bila kusuguliwa. Nakuamkia wewe Kaka, mwenyekiti wetu tangu Baba aliposhindwa kukikalia kiti hicho. Namwamkia Wifi, mwalimu wetu, ambaye bila shaka ndiye aliyeshika karatasi hizi, maana miwani ya Kaka haijapata kuonekana siku ya kikao. Wifi, nakuomba uisome barua hii kama unavyowasomea wanafunzi imla, neno kwa neno, wala usiruke mstari hata ukiona kwamba unaofuata utamuumiza mtu. Na mwisho, si kwa upungufu wa heshima bali kwa sababu niliona haya kumtaja mapema, namwamkia Dada. Shikamoo Dada. Najua umekaa kwenye basi siku nzima ili ufike hapo kwa Kaka. Nimefarijika kusikia kwamba safari hii ulikubali kuja.

Barua yako niliipata, Kaka. Umeniarifu kwamba kikao cha leo kina ajenda moja tu, nayo ni kuniandikia mimi nyumba ya Baba, iwe shukrani ya familia kwa mtu ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, aliuacha ujana wake mlangoni pa mzazi. Umesema hati iko tayari na kwamba kinachosubiriwa ni sahihi zenu. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, na kila mara nilishindwa kuumaliza ukurasa nikiwa nimeketi. Nawashukuruni. Lakini naomba, kwa unyenyekevu wote, kalamu isitolewe mfukoni kabla Wifi hajafika kwenye mwisho wa karatasi ya mwisho.

Kuhusu afya, Baba hajambo kwa kipimo cha miaka yake. Mkono wa kulia bado ni mgeni mwilini mwake. Huuinua kwa mkono wa kushoto na kuuweka pajani, kama mtu anayemkalisha mtoto wa jirani. Sikio la kulia limekwisha kufunga ofisi, lakini la kushoto linafanya kazi za yote mawili. Akili yake ni ileile. Magazeti hutufikia huku yakiwa na umri wa siku tatu au nne, naye hayalalamikii hayo. Anasema habari zikichelewa huja zimepoa, haziunguzi ulimi. Anakula vizuri, anakohoa asubuhi, na bado ananisahihisha nikikosea tarehe.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Naliandika neno hilo hapa juu kabisa ili lisiwajie kwa ghafla huko chini. Uchovu wangu si wa mgongo wala wa miguu, kwa maana huo hulala nao mtu akaamka bila huo. Ni uchovu wa mtu aliyebeba mzigo usio wake huku njia nzima akipewa pole.

Kila mwaka mnaniuliza mji ukoje, nami kila mwaka najibu kwamba mji upo. Leo nitajitahidi kujibu vizuri zaidi. Barabara ya lami bado ni moja, na bado inaishia palepale ilipochoka, nyuma ya kituo cha mabasi. Basi la asubuhi huondoka likiwa na watu, la jioni hurudi likiwa na vifurushi. Mwenye duka la dawa ameweka mlangoni karatasi inayosema anarudi sasa hivi. Karatasi hiyo imekwisha kupauka kwa jua, naye bado anarudi sasa hivi. Saa sita mchana maduka hushusha milango nusu, na wenye maduka huketi kwenye kivuli cha nusu iliyobaki. Mbwa akibweka mara mbili, watu hutoka nje kuulizana kuna nini. Kinyozi aliye mkabala na ofisi yetu, ambaye tunamwita Spika kwa sababu hakuna hoja inayopita bila yeye kuijadili, aliniambia juzi kwamba mji huu ungekuwa mtu, yeye angekwisha kuushika kifundo cha mkono kuona kama mapigo yapo. Nikamjibu kwamba yapo, ila nayo huenda mapumziko saa sita. Akacheka hadi mteja wake akaomba wembe uondolewe kwanza shingoni.

Nafanya kazi katika chumba kilekile cha masijala, chini ya ngazi za baraza la mji, chenye dirisha moja linalotazama matairi ya baiskeli za watumishi. Napokea maombi ya vibali, nayapa namba, nayafungia kwenye majalada, na majalada nayapanga kwenye rafu ambazo zimepinda katikati kama migongo ya wapagazi. Kazini kwangu najua nani anataka kujenga ukuta kabla mkewe hajajua. Najua nani amefariki kabla matanga hayajawekwa, maana kibali cha kuzika hupitia mezani pangu. Mtu akiniletea karatasi, hunisalimia kwanza, huniuliza hali ya Baba, hunipa pole, ndipo husema shida yake. Ni watu wema. Namna wanavyonitendea wema, hata hivyo, ndiyo hasa inayonichosha, nami nitawaeleza kwa nini.

Siku zangu zinafanana kama vikombe vya seti moja. Huamka alfajiri, nachemsha maji, namgeuza Baba kwa shuka iliyokunjwa, namwosha, namvalisha, namnywesha uji. Jirani huja na kushona mkeka wake karibu naye hadi saa sita, nami narudi wakati huo kumgeuza tena na kumlisha, kisha narudi ofisini. Saa kumi jioni niko nyumbani. Jumapili namkata kucha na kumsomea. Sisemi haya ili mnihurumie. Nayasema kwa sababu yeyote atakayechukua nafasi yangu ana haki ya kujua ukubwa wake, kisha aamue kwa macho mawili.

Sasa nirudi kwenye wema. Nikipita sokoni, wanawake huacha kupima bidhaa wakaniita Binti wa Karani, wakaniambia kwamba pepo yangu imekwisha kuandikwa, kilichobaki ni kugongewa muhuri. Mama mmoja kwenye foleni ya maji alimshika bintiye mkono, akamwonyesha mimi kama anayeonyesha jengo, akamwambia amtazame yule, amuone mtoto aliyekataa chuo kwa ajili ya baba yake. Spika, ambaye hampi mtu sifa bila kumnyoa, huwaambia wateja kwamba familia zote zingekuwa na mtu kama mimi, hospitali zingegeuzwa maghala. Kila mwaka Kaka ananiandikia kwamba familia haitasahau. Kila mwaka naikunja barua hiyo na kuiweka ndani ya kabati, chini ya nguo ambazo sizivai. Kwa miaka kumi na tisa nimelishwa sifa ambazo sikuzitolea jasho, na mtu akila asichokipanda, huvimba tumbo bila kushiba.

Ninyi nyote mnakumbuka tulivyolelewa. Baba alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, na mahakama aliirudisha nyumbani kila jioni ndani ya mkoba wake. Neno lisiloandikwa, alituambia, halikusemwa. Watoto wa wenzetu walipogombana walipigana. Sisi tulipogombana tuliitishwa kikao, tukaandikiwa ajenda, tukaketi kwa umri. Daftari la kwanza bado ninalo, lenye kikao cha sahani iliyovunjika, ambapo Kaka alipatikana na hatia kwa ushahidi wa Shangazi, akakata rufaa, na rufaa yake ikaahirishwa hadi leo. Mama alikuwa akisema kwamba ameolewa na mtu mmoja akajikuta anaishi na bunge. Tulicheka sana, lakini tulikua hivyo: kila mmoja wetu akaamini maandishi kuliko masikio yake. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nilifanywa mwandishi wa vikao nikiwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata kusoma nilichoandika kwa jicho la shaka.

Miezi minne iliyopita, siku ya Jumapili, nilikuwa nimempakata Baba mguu nikimkata kucha. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imekatika, yule aliyesema cherehani inashona popote, kilimzuia nini asije. Nikamwuliza anamsema nani. Akaniambia nisijifanye jalada lililopotea. Alikuwa akimsema mwanawe, dada yangu. Alisema kwamba siku ile alikuwa hawezi kutoa sauti, lakini masikio yote mawili yalikuwa bado yanafanya kazi, na alimsikia akiahidi mbele ya watu kwamba atarudi. Akasema amekuwa akimsubiri. Hakuuliza zamani kwa sababu mtu aliyevunja ahadi hakumbushwi, huachwa ajikumbushe mwenyewe. Kisha akasema neno ambalo tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Alisema alidhani Dada alimtazama mdomo ulivyopinda, akamwogopa.

Mkasi ukaniponyoka. Nikasema nitatafuta ulipo, nao ulikuwa miguuni pangu.

Sasa naomba kila mmoja wenu arudi pamoja nami kwenye kikao cha mwaka ule. Mama alikuwa na miezi miwili kaburini. Baba alikuwa ametolewa hospitali baada ya kiharusi, hawezi kusema wala kugeuka, na kitanda chake kilikuwa kimeletwa sebuleni ili awe nasi. Ilikuwa alasiri, joto limekaa ndani kama mgeni asiyeaga. Kaka uliongoza. Tulikuwa na ajenda saba, na sita za kwanza zilitumaliza nguvu: dawa, daktari, kaburi la Mama, vyombo vyake, paa linalovuja, na shukrani kwa majirani. Ya saba ilikuwa nani atakaa na Baba. Nyote mlinitazama mimi, mkatazama pembeni, kwa kuwa mlijua nina barua ya kukubaliwa chuo cha utunzaji wa nyaraka, na kwamba muhula ungeanza baada ya wiki tano. Baba Mkubwa alikuwa amesinzia. Shangazi alikuwa ameanza kulia upya. Ndipo Dada akasema. Alisema ndoa yake imekwisha, na kwamba kile kiwanda cha sare anachoshonea hakina kitu chake hata kimoja isipokuwa kiti. Akasema atarudi nyumbani akae na Baba, kwani cherehani inashona popote, na mdogo wake aende shule. Kaka ukasema kwamba hoja hiyo imekwisha. Shangazi akambariki. Mtu akatangaza kwamba chakula kinapoa, tukainuka. Nami nilikuwa nimekwisha kuandika kwa penseli, kwenye daftari, mstari wa saba: Dada atarudi.

Asubuhi yake mlipanda basi, kila mmoja na njia yake. Mimi nilibaki na daftari, na Baba asiyesema, na barua ya chuo.

Kaka, Shangazi, Baba Mkubwa, Dada: sikutaka kwenda. Hilo ndilo jambo ambalo sijapata kulisema kwa kiumbe yeyote. Nilipokwenda kufanya usaili wa chuo niliketi na watu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi ni binti wa nani. Nilijibu maswali vizuri, lakini nilitoka pale nimeingiwa na hofu ambayo sikuwa na jina lake. Huku nilikuwa Binti wa Karani. Kule ningekuwa namba kwenye orodha, na ningeshindwa mbele ya watu wasionijua, kisha nirudi kushindwa mara ya pili mbele ya wanaonijua. Nilikuwa nimekwisha kuagwa ofisini. Walininunulia hata mkoba. Mtu aliyeagwa hawezi kusema ameogopa. Nilihitaji sababu, na sababu ilikuwa imelala sebuleni, haiwezi kusema.

Wiki mbili baadaye nilibaki ofisini wenzangu walipokwenda kula. Niliweka karatasi na kaboni kwenye mashine ya chapa, nikachapa kumbukumbu za kikao chetu. Maazimio sita niliyachapa kama yalivyokuwa. La saba nilichapa kwamba, baada ya majadiliano marefu, kikao kiliazimia kitinda mimba aahirishe masomo na abaki na Baba, na kwamba wajumbe wanampongeza kwa moyo wake. Ndiyo, hata pongezi nilijiandikia mwenyewe. Nikaweka sahihi, nikatia kwenye bahasha, nikapeleka posta.

Nilitarajia mtu angepiga kelele. Nilingoja kelele hizo kama mwizi anayetaka kukamatwa ili apumzike. Kaka, wewe uliniandikia kwamba umeshangaa kidogo, ila unaona mimi na Dada tulikubaliana faraghani, nawe huingilii ya wanawake. Shangazi alimwambia jirani, naye jirani akaniambia, kwamba anadhani Kaka ndiye aliyebadilisha. Baba Mkubwa, aliyekuwa amelala, aliandika kwamba anakumbuka majadiliano hayo vizuri sana na kwamba aliyaunga mkono. Namheshimu Baba Mkubwa, lakini nilicheka kwa uchungu hadi machozi yakanitoka.

Ni mtu mmoja tu aliyeuliza. Dada aliniandikia ukurasa mmoja, bila hasira. Alisema amepokea kumbukumbu, na anaomba kujua kama alisikia vibaya, maana alikuwa amekwisha kumwarifu mwenye chumba kwamba anahama, na cherehani ameifunga kwenye sanduku la mbao. Alisema kama familia imeona haifai mwanamke aliyeachika kurudi nyumbani kwa baba yake, yeye ataelewa, ila angependa kuambiwa. Nilikuwa na nafasi pale, Dada. Mlango ulikuwa wazi, na wewe mwenyewe ndiwe uliyeushikilia. Nilichukua karatasi yenye nembo ya baraza la mji, nikakujibu mstari mmoja: kumbukumbu ni kama zilivyoandikwa.

Ukaifungua cherehani.

Tangu hapo umekuja nyumbani mara mbili. Mara zote mbili uliketi kwenye kiti cha wageni, na ulipotaka maji ya kunywa uliniomba ruhusa ya kuingia jikoni, jiko ambalo wewe ulijifunzia kupika kabla mimi sijazaliwa. Nikakuruhusu. Kila mwaka unamtumia Baba shati ulilolishona kwa vipimo vya zamani, kwa sababu hakuna aliyekuambia jinsi alivyozidi kupungua. Mabega huanguka, mikono humfika kwenye vidole. Anayavaa. Nilipotaka kuyapunguza alikataa, akasema aliyeshona ndiye mwenye haki ya kukata. Sasa najua alikuwa akisema nini.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hata hivyo nilikaa, nilimwosha, nilimlisha, na kwamba miaka kumi na tisa si mchezo. Nimejiambia hayo mara nyingi. Lakini kazi niliyoifanya nilimnyang'anya mtu aliyeitaka, nikaiita dhabihu. Mmoja alikosa nyumba, mwingine alikosa binti, nami nikavuna sifa za wote wawili. Na sasa mnataka kuniongezea nyumba yenyewe.

Nilimweleza Baba siku ya Jumanne, nilipotoka kazini. Nilichukua kigoda nikaketi upande wa sikio lake zima, nikamweleza yote bila kuruka. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, kama rasimu ipo. Nikamwambia ipo, kwamba kila alipotaka nimsomee daftari nilikuwa nikiufunua ukurasa ule pamoja na unaofuata kama mmoja. Akageuza uso ukutani. Kwa siku tatu alikubali nimwoshe, nimlishe na nimgeuze, lakini hakunipa hata neno. Jirani alidhani sauti imepotea tena, akataka aitwe daktari. Siku ya nne, nikiwa namfunga vifungo, alisema kwamba kosa la karani husahihishwa na karani mwenyewe, mbele ya waliokuwepo, wala si pembeni. Ndiyo sababu sikumwandikia Dada peke yake, ingawa ingekuwa rahisi zaidi, wala sikumnong'oneza Kaka. Mlikuwepo wote, lazima msikie wote.

Nimeambatanisha ukurasa wenyewe wa daftari. Wifi, upitishe mkono kwa mkono, uanzie kwa Baba Mkubwa. Penseli imefifia, lakini mstari wa saba unasomeka.

Sasa nasema nilichokiamua, na ninachokiomba kikao kikitende kabla hakijainuka, hata kama chakula kinapoa.

Nyumba msiniandikie. Hati hiyo ichanwe mbele ya wote. Azimio la saba la kikao kile lifutwe, na iandikwe kwamba halikupitishwa kamwe. Kisha, kabla mtu mwingine hajafungua kinywa, aulizwe Dada anataka nini. Nasema anataka nini, si kwamba anapaswa nini. Ana miaka hamsini na miwili. Huenda maisha aliyojishonea huko sasa ni yake, na hatuwezi kumwita arudi kama mtu anayerudisha kiti alichokiazima. Akitaka kuja, kitanda cha chumba cha mbele nimekwisha kukitoa nje na kukianika juani. Asipotaka, asilazimishwe wala asibembelezwe kwa machozi, na ninyi wengine mtaamua nani atakaa na Baba kwa zamu au kwa namna nyingine, kwa maana Baba ana watoto watatu, si mmoja.

Mimi nimeomba uhamisho, na nimekubaliwa. Baraza la mji mwingine, mkubwa kuliko wetu, linahitaji mtu wa kupanga nyaraka zake za miaka arobaini zilizorundikwa kwenye ghala. Hakuna anayenijua huko, na sitawadanganya kwamba sasa siogopi. Naripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa. Hadi siku hiyo nitaendelea na Baba kama kawaida, na atakayekuja nitamwonyesha shuka inavyokunjwa na upande anaopenda kulalia. Baada ya siku hiyo sitakuwepo, wala msiseme kwamba nitalegea dakika ya mwisho, maana najua ndivyo mtakavyotaka kuniambia. Nikibaki, kila mmoja wenu ataondoka sebuleni humo akisema moyoni, si yupo mdogo wetu, na azimio la saba litakuwa limepita kwa mara ya pili.

Jibu lenu liandikwe leo, na asiliandike mtu mmoja. Kila aliyepo aandike mstari wake kwa mkono wake, Baba Mkubwa akiwa macho. Mtakapolileta, msinipe mimi. Msomeeni Baba, upande wa kushoto.

Wasalimieni watoto, wale wa kupakatwa na wale waliokwisha kutupita urefu. Wifi, ahsante kwa sauti yako. Dada, sikuombi unisamehe ukiwa umezungukwa na watu wanaokutazama; nakuomba useme unachotaka, nami popote nitakapokuwa nitakisikia.

Ni mimi, mdogo wenu wa mwisho,
aliyekuwa mwandishi wa vikao.